Muulize Muuguzi: Pingili ya chuma na majirani zake wawili

"Shikamoo mama. Mama yangu mzazi ana miaka 61. Alitibiwa saratani ya titi miaka mitano iliyopita, tukashukuru kwamba yamekwisha. Huu ni mwezi wa tatu anaumwa mgongo, usiku kuliko mchana, na wiki mbili hizi akipanda ngazi miguu inaishiwa nguvu katikati. Picha ya MRI imeonyesha pingili ya kwanza ya kiuno imeliwa, imebonyea na inabana mishipa ya fahamu. Daktari anataka kuitoa na kuweka ya chuma, aina ya kurefushwa. Neno hilo, kurefushwa, limeninyima usingizi siku nne. Itaendelea kurefuka yenyewe? Ikilegea tutarudi kuikaza? Na kwa nini wasimwekee mfupa wake mwenyewe, maana nasikia zamani walikuwa wanakata nyonga? Mama ameniachia niamue, nami naogopa kuamua nisichokielewa. Mimi, binti yake wa kwanza."

Marahaba, mwanangu. Naanza na miguu, chuma nitakuja nacho baadaye. Mgonjwa wa saratani ambaye pingili inabana mishipa ya fahamu na miguu imeshaanza kulegea hana wiki ya kupoteza. Kama kabla hujamaliza kusoma hapa mama atashindwa kuzuia mkojo, au atasema sehemu anayokalia imekufa ganzi, weka jarida chini umpeleke hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane. Miguu iliyolegea mara nyingi hurudi. Iliyopooza kabisa ni kazi ngumu sana kuirudisha.

Pendekezo la daktari wenu lina msingi. Mwaka 2005 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha utafiti wa wagonjwa 101 ambao saratani ilikuwa imesambaa na kubana ugwe wa mgongo, yaani ule mkanda mkuu wa fahamu unaopita ndani ya pingili, sehemu moja. Kati ya waliofanyiwa upasuaji wa kuondoa kinachobana kisha wakapigwa mionzi, asilimia 84 waliweza kutembea baada ya matibabu. Kati ya waliopigwa mionzi peke yake ilikuwa asilimia 57. Ni tofauti kubwa, na kila mmoja wa hao ni mtu anayekwenda msalani kwa miguu yake.

Sasa chuma. Nilikuwa muuguzi wa vifaa chumba cha upasuaji miaka 26, na 18 kati ya hiyo nilikuwa upande wa mgongo, kwa hiyo nakueleza kama nilivyokishika. Kipandikizi hiki huja katika vifuko viwili, kimoja ndani ya kingine. Ukikitoa unaona mrija mnene wa titani, mfupi kuliko kidole gumba, una matundu kandokando, na kila mwisho una sahani yenye meno madogo ya kung'ata mfupa. Katikati kuna pete. Daktari anaingiza mpini mrefu, anauzungusha polepole, na mrija wa ndani unachomoza kutoka kwenye wa nje kama jeki ya gari inavyopanda. Tulichokitumia zaidi sisi kilianzia milimita 30 hivi kikafika 45 hivi.

Jeki. Hilo ndilo neno ningependa ulibebe badala ya lile linalokunyima usingizi.

Mama ana pingili 24 zinazocheza: 7 za shingo, 12 za kifua na 5 za kiuno. Kila moja ya kiuno ina sehemu ya mbele iliyo kama kipande kifupi cha gogo, na kati ya gogo na gogo pana diski, yaani mto laini wa kuzitenganisha. Uzito wa mwili unaposhuka, karibu asilimia 80 hupita mbele huko, juu ya magogo. Akitolewa gogo lililoliwa pamoja na diski zake mbili, linabaki pengo la sentimita nne hivi, na juu ya pengo hilo kuna kifua, mikono na kichwa. Lazima kiingie kitu, tena kikae kwa kubana, maana kilicholegea huchomoka.

Kuhusu nyonga hujakosea. Mwaka 1956 wapasuaji Arthur Hodgson na Francis Stock walieleza kutoka Hong Kong jinsi walivyowafungua kwa mbele wagonjwa wa kifua kikuu cha mgongo, wakasafisha uozo na kujaza pengo kwa mfupa wa mgonjwa mwenyewe. Njia hiyo imewasimamisha watu wengi, na bado ni nzuri panapostahili. Lakini mfupa uliopandwa huchukua miezi kushika, na mama yako anatakiwa akae na kusimama ndani ya siku chache. Tena atapigwa mionzi, ambayo inauzuia mfupa mpya kuunga. Halafu pale unapokatwa panauma. Nimewahudumia watu waliousahau mgongo kabisa wakaendelea kulalamikia nyonga mwaka mzima.

Kabla jeki hazijaenea tulitumia mrija wa wavu wa titani ambao haurefuki. Daktari alipima pengo, mrija ukakatwa kwa mkasi wa chuma, akaujaribu: mrefu. Ukatolewa, ukakatwa tena: sasa mfupi. Tukaanza na mwingine. Kila ukiingia na kutoka ulipita jirani kabisa na mishipa ya fahamu na mishipa mikubwa ya damu, na mimi nilikuwa nashusha pumzi pale tu mkono wa daktari ulipotoka mtupu. Jeki huingia ikiwa fupi, nafasi ikiwa ya kutosha, kisha ikarefushwa ikiwa imeshafika mahali pake, daktari akiitazama kwenye eksirei, mpaka iguse juu na chini. Mgongo uliokuwa umeinama hunyanyuka papo hapo. Faida yake kubwa ni hiyo.

Na haitaendelea kurefuka. Ikifika urefu unaotakiwa inafungwa, nyingi kwa skrubu ndogo ubavuni, daktari anasema "imefunga", muuguzi anaandika urefu kwenye kumbukumbu za upasuaji, na mwendo wake umeishia hapo. Haikazwi baadaye wala hailegezwi. Nadhani habari ulizosikia zimechanganyika na zile fito wanazowekewa watoto wenye migongo iliyopinda, ambazo kweli hurefushwa kwa sumaku kutoka nje ya mwili kadiri mtoto anavyokua. Hicho ni kifaa kingine, kwa kazi nyingine.

Hapa ninapofika ndipo ninapotaka unisikilize kuliko kwingine kote. Watu huniuliza chuma kitadumu miaka mingapi, kitashika kutu, kitakatika. Titani haishiki kutu mwilini, na kwa miaka yote ile sikuona jeki iliyokatika. Kinachoshindwa ni mfupa wa juu yake na mfupa wa chini yake. Sahani zile mbili zinaegemea nyuso za pingili jirani, na uso wa pingili ni ganda jembamba tu. Nyuma ya ganda kuna mfupa wa matundu matundu kama sifongo. Mfupa huo ukiwa umekonda, chuma huzama taratibu kama mguu wa kiti kwenye udongo mbichi.

Namkumbuka mgonjwa mmoja, bibi wa makamo ya mama yangu, hospitali siitaji. Mgongo wake ulikuwa umeinama sana, na kila mtu chumbani alitaka atoke amenyooka. Jeki ikaongezwa, ikaongezwa tena. Mpini unapokuwa mgumu ndipo mfupa unasema imetosha. Siku ile mpini ulikaza, ukazungushwa tena, kisha ukalainika ghafla. Nilikuwa nimesimama hatua moja kutoka kwa daktari, nikauona ukilainika, nikanyamaza. Eksirei ilionyesha sahani ya chini imepenya ganda. Ziliongezwa skrubu nyuma, na bibi alitembea, lakini baada ya miezi michache mgongo ulirudi kuinama na maumivu yakarudi pamoja nao. Ukimya wangu wa siku ile ninao mpaka leo. Tangu hapo, mpini ukilainika nilisema kwa sauti, awe daktari gani.

Kwa hiyo mkirudi kwa daktari, muulizeni habari za majirani wawili. Pingili ya 12 ya kifua na ya 2 ya kiuno zikoje? Hazijaguswa na saratani? Mama ameshakoma hedhi, na baadhi ya dawa za kushusha homoni wanazomeza wanawake baada ya saratani ya titi hukondesha mifupa, kwa hiyo muulize kama uimara wa mifupa yake umepimwa. Muulize sahani atakazotumia zina upana gani, kwa sababu sahani pana inayofika ukingoni mwa pingili, ambako mfupa ni mgumu zaidi, haizami kirahisi. Na muulize nyuma ataweka skrubu na fito kwenye pingili ngapi. Jeki peke yake mbele, bila msaada wa nyuma, mimi kwa mgonjwa kama mama yako nisingeridhika nayo.

Lipo na swali gumu, uliulize ukiwa peke yako na daktari au mama akiwepo, mtakavyoona: saratani iko wapi kwingine, na muda unaotarajiwa ni mrefu kiasi gani? Upasuaji huu ni mkubwa. Kwa pingili hiyo huenda wakapitia ubavuni, jirani na kiwambo cha pumzi, na mama akaamka ana mpira wa kutoa maji kifuani. Wengine huufanya wote kwa nyuma. Damu inapotea kwa vyovyote. Kama pingili nyingi zimeliwa, au muda uliobaki ni wa wiki, zipo njia nyepesi za kumwondolea maumivu: skrubu za nyuma peke yake na kulegeza panapobana, saruji ya mifupa, au mionzi. Daktari mwema hachukii kuulizwa haya.

Mambo yakienda vizuri atakalishwa kitandani siku moja au mbili baadaye na kusimamishwa na mtu wa fiziotherapia. Mionzi husubiri kidonda kishike, mara nyingi wiki mbili hadi nne. Waambie wa mionzi mapema kwamba kuna chuma, kwa sababu titani huacha kivuli kwenye picha na hesabu zao zinabadilika. Vipo vipandikizi vya plastiki ngumu yenye nyuzi za kaboni visivyoacha kivuli hicho, na inafaa kuuliza kama vinapatikana.

Umesema mama amekuachia uamue. Mrudishie, mwanangu, kwa upole. Mgongo ni wake. Kaa naye, mwambie kuna jeki itakayoingia ikiwa fupi na kupandishwa mara moja tu, mwonyeshe kwa kidole mahali inapokaa, kisha nyamaza usikie atakachosema.

"Mimi ni mwanafunzi wa uuguzi mwaka wa tatu. Je, ni kweli kuna pingili za kuchapishwa kwa printa, na nyingine zinazovimba zenyewe mwilini?"

Vyote viwili ni kweli, mwenzangu. Mwaka 2014 huko Beijing mvulana wa miaka 12 mwenye saratani ya mifupa aliwekewa pingili ya pili ya shingo iliyochapishwa kwa unga wa titani kufuata umbo la shingo yake. Pingili hiyo ina umbo la peke yake, hakuna mrija wa jeki utakaoiiga, na ndiyo maana printa ilikuwa na maana pale. Cha kuvimba kilielezwa mwaka 2016 na watafiti wa Mayo Clinic, Marekani: polima laini, aina ya plastiki, inayoingizwa ikiwa imenywea, ikanyonya maji ya mwili, ikavimba hadi kujaza pengo, halafu ndani yake ukaweza kumiminwa ujazo wa kuufanya mgongo uwe imara. Ilikuwa kazi ya maabara. Mimi nimeipenda kwa sababu moja. Kitu kilichonywea kinaweza kupita kwa nyuma, kwenye jeraha dogo, na wapo wagonjwa wa saratani niliowaona wakirudishwa wodini kwa sababu miili yao isingehimili kufunguliwa ubavu.

"Shikamoo. Nina miaka 24. Nimeambiwa nina TB ya mgongo, pingili mbili za kifua zimeoza na kinundu kimeanza kuonekana. Nipo mwezi wa kwanza wa dozi. Wanasema watasafisha usaha na kuweka chuma cha kurefushwa. Chuma katikati ya usaha si ndiyo kuharibu zaidi?"

Marahaba, kijana wangu. Hofu yako ni ya busara, na madaktari wenyewe walikuwa nayo kwa muda mrefu. Bakteria wengine, hasa wale wa majipu, hujenga utando wa utelezi juu ya chuma na kujificha humo, dawa zisiwafikie. Wa kifua kikuu hukua polepole na hawapendi sana kung'ang'ania chuma. Ikiwa usaha umesafishwa na dawa zimeanza kufanya kazi, titani huwekwa na kidonda kikapona. Ila kinachokuponya ni dozi. Upasuaji unaondoa kinachobana na kuzuia kinundu kisikue, lakini ukiacha vidonge mwezi wa nne kwa sababu mgongo hauumi tena, ugonjwa utarudi na kuzila pingili za jirani, chuma kikiwa kimekaa hapo hapo. Kwenye mifupa dozi huenda mwaka mzima au zaidi, kadiri daktari atakavyoona. Wagonjwa wengi wa TB ya mgongo hupona kwa dawa peke yake, kwa hiyo uliza wazi: mimi napasuliwa kwa sababu ipi? Miguu kulegea, kinundu kinachoongezeka, au usaha usiopungua kwa dawa ni sababu nzuri.

Kwako kuna jambo ambalo kwa yule mama wa barua ya kwanza nisingelipa uzito huu. Una miaka 24, na mgongo huo unatakiwa ukubebe miaka 50 mingine. Chuma pekee hakitoshi kwa safari hiyo, lazima mfupa wako uote kutoka pingili ya juu hadi ya chini na kuungana. Jeki, kwa sababu ya mitambo iliyo ndani yake, ina nafasi ndogo ya kujaza mfupa kuliko mrija mtupu. Muulize daktari ataupanda mfupa wapi. Wakipitia kifuani mara nyingi hutoa kipande cha ubavu ili kupata njia. Ningependa kusikia kwamba kipande hicho kinasagwa au kusimamishwa kando ya chuma.

"Dada, nilianguka kutoka kwenye ngazi, pingili ikapasuka, nikawekewa kipandikizi cha kurefushwa miezi 14 iliyopita. Juzi majibu ya eksirei yameandika kwamba kimezama milimita 3. Sasa hata kuinama kuvaa viatu naogopa. Kitatoboa? Na mashine za uwanja wa ndege zitanipigia kelele?"

Kaka yangu, pole kwa ajali na kwa hofu. Kuzama kidogo miezi ya mwanzo ni jambo la kawaida. Meno ya sahani yanatafuta mahali pa kukaa, kisha mfupa ukiunga yanatulia. Hiyo 3 peke yake hainiambii kitu, kwa sababu sijui ni 3 tangu lini. Tafuta picha ya kwanza uliyopigwa ukiwa umesimama, kwa kuwa ile ya kulala siku ya upasuaji haina uzito wa mwili ndani yake. Kama zilizama zote 3 ndani ya miezi mitatu na picha zilizofuata zinaonyesha hapo hapo, endelea na maisha yako. Kama mwaka jana ilikuwa 1 na sasa ni 3, mfupa bado unakubali kubonyea, na hapo omba upigwe CT, ile picha ya eksirei inayokata vipande vipande, waone kama pingili zimeungana na kama skrubu za nyuma zimelegea. Maumivu mapya, ganzi miguuni, au watu kukuambia unaanza kuinama, hayo usiyasubirishe hadi kliniki ijayo.

Hukusema kama unavuta sigara. Kama unavuta, acha leo. Nikotini hubana mishipa midogo ya damu inayolisha mfupa mpya, na nimeona migongo ya vijana wenye nguvu ikikataa kuunga kwa sababu hiyo.

Viatu vaa ukiwa umekaa, uulete mguu kwako badala ya kuufuata chini. Mashine za uwanja wa ndege mara nyingi haziitambui titani, na zikiitambua utaonyesha kadi ya kipandikizi na watakupapasa. MRI unaweza kupigwa, waambie tu kabla.

Na picha zako zote zitunze wewe mwenyewe, zimepangwa kwa tarehe. Nimeona mara nyingi mgonjwa anafika na picha ya juzi peke yake, na daktari aliye mbele yake anaigeuza huku na huku kwenye taa kwa sababu hana ya kuilinganisha nayo.